Mwalimu wa Uandishi Anapoandika: Mwongozo wa Kuinoa Kalamu Yako

Mwalimu wa uandishi hutumia siku yake akisoma maandishi ya watu wengine, na kile anachokiandika yeye mwenyewe kwa kawaida ni cha aina tatu tu: maoni mafupi pembeni mwa daftari la mwanafunzi, maelekezo ya zoezi, na insha ya mfano ya kuonyesha darasani. Zote tatu zina manufaa yake, lakini hakuna hata moja inayomdai aseme jambo ambalo hakulijua kabla ya kushika kalamu. Ndiyo maana baada ya miaka kadhaa kazini mtu anaweza kuwa hodari wa kuona kasoro katika sentensi ya mwenzake, ilhali sentensi zake mwenyewe zimeganda. Mwongozo huu unamhusu mwalimu wa namna hiyo, awe anafundisha insha, hadithi au ushairi, anayetaka kurudi kwenye mazoezi bila kuacha kazi inayompa riziki. Msimamo wake ni mmoja: anayefundisha kuandika afanye mazoezi yaleyale anayowapa wanafunzi wake, kwa masharti yaleyale, na jicho lake la kusahihisha alizuie lisifike mezani kabla ya wakati wake.

Anza kwa kuukagua mkono wako

Kabla ya zoezi lolote, chukua kurasa chache ulizoandika karibuni nje ya darasa, kama vile barua, taarifa, hotuba au makala, uzisome ukiwa na penseli. Pigia mstari kila sentensi ambayo ingeweza kuingia katika insha ya mfano bila mtu yeyote kuishangaa. Utakuta mwanzo unaotangaza kwamba elimu ina faida nyingi katika maisha ya mwanadamu, aya zinazofuatana kwa kwanza, pili na tatu hata pale ambapo hoja ni moja tu iliyokatwa vipande, methali iliyopachikwa mwishoni kwa sababu aya ilihitaji kufungwa, na mhusika anayekimbia kama swara kwa kuwa ndivyo wahusika wa insha hukimbia. Hakuna sentensi kati ya hizo yenye kosa la sarufi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa kalamu nyekundu haiwezi kuzinasa. Insha ya mfano huandikwa ili isikosolewe, na mwandishi aliyezoea kuandika ili asikosolewe hujifunza kuikwepa sentensi yoyote ambayo hana hakika nayo, hata kama ndiyo iliyobeba jambo alilotaka kulisema.

Andika tabia tatu au nne ulizozibaini, si zaidi, na uzifanye ziwe shabaha ya mazoezi yako ya miezi ya kwanza. Ikiwa huanza kila kitu kwa kauli ya jumla, jiwekee sharti kwamba sentensi yako ya kwanza itamtaja mtu au kitu kinachofanya jambo fulani. Ikiwa hufunga kila aya kwa funzo, iache aya ikatike pale habari ilipoishia. Masharti ya namna hii huonekana ya kitoto, lakini ndiyo yayo hayo unayowawekea wanafunzi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mkono wa mtu mzima hufundishika kwa njia nyingine.

Saa ya kuandika itangulie saa ya kusahihisha

Kusahihisha humaliza nguvu ileile ambayo uandishi unaihitaji. Aliyetoka kusoma rundo la insha juu ya mada moja hubaki na misemo yake kichwani, na akikaa kuandika jioni hiyo ataandika insha nyingine ya rundo lile. Kwa hiyo, kama ratiba yako inakuruhusu kuchagua, andika kwanza, hata ikiwa ni kwa dakika 20, kisha ufungue madaftari. Kama hairuhusu, weka kitu katikati: kutembea, kupika, kusoma kurasa chache za mwandishi unayemheshimu, ilimradi lugha ya darasani ipate nafasi ya kutoka masikioni.

Wapo waliolimudu hili kwa nidhamu kali. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza katika karne ya 19, alikuwa mwajiriwa wa Posta kwa zaidi ya miaka 30, na riwaya zake nyingi aliziandika kabla ya kwenda kazini. Alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaanza kwa kusoma alichokiandika siku iliyotangulia kwa muda wa nusu saa, kisha akaiweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila baada ya robo saa. Sikushauri kuiga hesabu hiyo, kwa sababu mwalimu mwenye madarasa manne ataishika kwa wiki moja kisha aiache kwa mwaka mzima. Kinachofaa kuigwa ni ile nusu saa ya mwanzo. Kusoma ulichoandika jana, bila kukisahihisha, kwa lengo la kuisikia sauti uliyoiachia njiani, hukuondolea shida ya kuanza upya kila siku, na ni jambo linalowezekana hata kwa aliyepata dakika chache tu.

Kuandika bila kusimama

Zoezi la kwanza la kudumu liwe lile la kuandika mfululizo kwa muda uliowekwa, tuseme dakika kumi, bila kusimama, bila kufuta na bila kurudi nyuma kutazama. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, ndiye aliyelieneza sana kuanzia miaka ya 1970, na sababu aliyoitoa ni rahisi kueleweka: kuzalisha maneno na kuyahukumu ni kazi mbili, na anayezifanya kwa wakati mmoja huishia kuzifanya zote vibaya. Walimu wengi hulitumia zoezi hili darasani. Wachache hulifanya wao wenyewe, na wanaojaribu hugundua haraka kwamba kwao ni gumu kuliko lilivyo kwa wanafunzi, kwa kuwa mwanafunzi ana msahihishaji aliye nje yake, nao wamekaa naye ndani.

Ziko mbinu ndogo za kumnyima msahihishaji huyo kazi. Andika kwa penseli kwenye karatasi mbaya, au, kama unatumia kompyuta, punguza mwanga wa skrini hadi maneno yasisomeke. Neno likikataa kuja, weka alama ya msalaba mahali pake na uendelee. Ukiona upatanisho wa ngeli umekwenda upande, uache ulivyo, jambo ambalo kwa mwalimu wa lugha ni adhabu ya kweli. Usiyasome maandishi hayo siku hiyo. Kesho yake yapitie mara moja, utafute sentensi moja au mbili ambazo hukujua kwamba ungeziandika, uzinakili katika daftari jingine na kuyaacha mengine yote. Siku ambayo hakuna sentensi ya kunakili, funga daftari.

Fanya zoezi unalolitoa

Mwaka 1974 James Gray na wenzake walianzisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mafunzo ya walimu yaliyoitwa Bay Area Writing Project, ambayo baadaye yalikua na kuenea Marekani nzima kwa jina la National Writing Project. Mojawapo ya misingi yake ilikuwa kwamba mwalimu wa uandishi hana budi kuandika yeye mwenyewe, na walimu waliohudhuria waliandika na kusomeana kazi zao sambamba na kujadili namna ya kufundisha. Huhitaji kusubiri mafunzo ya namna hiyo. Kila unapotunga swali la insha, lijibu mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani, kwa muda uleule uliowapa wanafunzi, bila mpango uliouandaa kichwani tangu jana.

Utakayoyaona ni mengi, na baadhi yake hayapendezi. Mada uliyodhani ni pana itakukaukia katika aya ya pili. Sharti la idadi ya maneno litakusukuma kurudia hoja kwa maneno mengine, na utaelewa kwa nini wanafunzi hurudia. Andika pembeni mahali ulipokwama na kile kilichokukwamua, kwa kuwa hiyo ndiyo habari ambayo hakuna kitabu cha kiada kitakachokupa. Ikiwa hakuna kilichokukwamua, kasoro huenda imo katika swali lenyewe, na ni bora lirekebishwe kabla halijawafikia watu ambao hawana uwezo wa kulilalamikia.

Kuandika pamoja na wanafunzi darasani ni hatua inayofuata, na inahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba usisome kazi yako kabla ya wao kusoma zao, kwa sababu ukitangulia, rasimu yako itageuka kiolezo, na wiki ijayo utasahihisha nakala zake. Ya pili ni kwamba ukisoma, soma rasimu ilivyo, pamoja na mistari iliyokatwa na sentensi ambayo haikumalizika, bila kuomba radhi wala kusubiri sifa. Wanafunzi watakusifu hata hivyo, kwa adabu au kwa kutafuta alama, na sifa hizo usizihesabu.

Kuvunja na kujenga upya

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni la zamani. Benjamin Franklin, alipokuwa kijana huko Boston, alipata toleo la jarida la Spectator lililokuwa likichapishwa London, akaupenda uandishi wake na kutaka kuuiga. Alichukua makala, akaandika dokezo fupi la wazo la kila sentensi, akayaweka madokezo kando kwa siku chache, kisha akajaribu kuyajenga tena kuwa makala kamili kwa maneno yake mwenyewe, na mwishowe akalinganisha na makala ya asili ili aone alipopungukiwa. Wakati mwingine aliyachanganya madokezo ovyo, akarudi baada ya majuma kadhaa kuyapanga upya. Kisha, kwa kuwa aliona msamiati wake ni mdogo, akawa anageuza hadithi za nathari, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, kuwa mashairi, na akishaisahau nathari ya awali, anayarudisha mashairi kuwa nathari.

Hatua hii ya mwisho inamfaa mno anayeandika Kiswahili, kwa kuwa arudhi zetu, yaani kanuni za utunzi wa mashairi, zina madai ya wazi. Kutafuta neno lenye mizani (silabi) tatu na kina fulani, yaani mwisho wenye sauti inayolingana na ya mishororo mingine, humlazimisha mtu kupekua msamiati ambao nathari ingemwacha aupite. Chukua sentensi ya kawaida kabisa: «Kijana alisimama mlangoni akiwa na barua mkononi, akaogopa kuingia kwa sababu hakujua baba yake angesema nini.» Igeuze kuwa ubeti wa tarbia, yaani wa mishororo minne, wenye mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati kikiwa ni na cha mwisho ia:

Barua i mkononi, kijana kasimamia,
Mguu kizingitini, aogopa kuingia,
Babaye yumo chumbani, sauti anasikia,
Atasema neno gani, waraka kimfikia?

Ubeti huu si wa kupeleka popote, nao haukutungwa kwa ajili hiyo. Utazame kama karakana. Neno kasimamia limerefushwa kwa sababu kina kilidai, na maana iliyotakiwa ni kasimama tu. Hiyo ni mazida, ruhusa ambayo mshairi anayo, na katika nathari itabidi irudishwe. Kimfikia nayo imepoteza kiambishi chake cha mwanzo kwa inkisari. Lakini tazama vilivyoingia bila kualikwa. Kizingiti hakikuwemo katika sentensi ya kwanza, kiliitwa na kina cha kati, na sasa kijana ana mguu ulio mahali panapoonekana. Sauti ya baba haikuwemo pia. Weka ubeti kando hadi usahau maneno ya sentensi ya awali, kisha urudi kwenye nathari, na huenda ukapata kitu kama hiki: «Alisimama na barua mkononi, mguu mmoja kizingitini, akiisikiliza sauti ya baba yake kutoka chumbani.» Hofu haikutajwa, wala sababu yake haikuelezwa, na sentensi imekuwa fupi kuliko ile ya kwanza huku ikiwa na vitu vingi zaidi ndani yake.

Usiridhike hapo. Linganisha sentensi hizo mbili kwa haki, kwa sababu mara nyingine ile ya kwanza ndiyo iliyo bora. Kama hadithi inahitaji msomaji ajue kwamba kijana hakuwa na habari na msimamo wa baba yake, basi sentensi ya pili imeficha jambo la lazima kwa ajili ya picha nzuri, na mwalimu aliyezoea kuhubiri kuonyesha badala ya kueleza ataukubali uzuri huo upesi mno. Zoezi hili hukupa sentensi mbili mahali ulipokuwa na moja, na kuchagua kati ya hizo kunabaki kuwa kazi yako.

Kalamu nyekundu ije mwisho, na ijaribiwe

Rasimu ikishakuwepo, iache ilale. Siku tatu ni muda mfupi, wiki mbili ni bora, na kwa kitu kirefu ni vizuri zaidi ukishaanza kuandika kingine. Halafu isome kwa sauti, ukiwa umesimama kama unaweza, na utie alama kila mahali ulimi unapojikwaa bila kusimama kurekebisha. Baada ya hapo pitia jambo moja kwa kila mpito: mara ya kwanza vitenzi pekee, mara ya pili miunganiko ya aya, mara ya tatu mwanzo na mwisho. Mwalimu huwa na tabia ya kusahihisha yote kwa pamoja kwa kuwa darasani hana muda wa zaidi ya mpito mmoja. Mezani kwako muda huo unao.

Hapa ndipo penye faida ambayo sijaona ikitajwa mara nyingi. Chukua maoni unayowaandikia wanafunzi, maneno yenyewe, uyaandike pembeni mwa rasimu yako mahali yanapostahili, kisha kesho yake ujaribu kuyatii. «Fafanua zaidi.» Fafanua nini, kwa nani, kwa sentensi ngapi? «Lugha haina mvuto.» Ukiwa msahihishaji ulidhani umesema jambo, ukiwa mwandishi unagundua kwamba hujui pa kuanzia. Kisha jaribu maoni ya aina nyingine, kama «Sijui nani anazungumza katika mstari huu» au «Aya hii na iliyotangulia zinasema jambo moja, chagua», na utaona mkono unaanza kazi papo hapo. Maoni yaliyokushinda kuyatii yaondoe katika madaftari ya wanafunzi kuanzia muhula unaofuata. Hili peke yake linatosha kumridhisha mkuu wa shule anayeuliza mazoezi yako binafsi yana uhusiano gani na kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Msomaji ambaye humfundishi

Wanafunzi wako hawawezi kuwa wasomaji wako, na mkuu wako wa kazi hali kadhalika, kwa kuwa wote wana sababu za kusema jambo jingine na lile wanaloliona. Tafuta mtu mmoja au wawili wanaoandika, ikiwezekana wasio walimu, mkutane kwa utaratibu unaoeleweka na kila mmoja aje na kurasa. Waombe wakueleze kilichowapata walipokuwa wakisoma: walichangamka wapi, walichoka wapi, walitarajia nini ambacho hakikutokea. Usiwaombe hukumu ya jumla. Zamu yako ya kusikiliza ikifika, nyamaza, jambo ambalo aliyezoea kusimama mbele ya darasa hulipata kwa taabu, na usieleze ulichokusudia hadi wamalize. Zamu yako ya kutoa maoni ikifika, acha kufundisha. Mwenzako hakuja kupewa somo la uakifishaji.

Kuhusu mada, ningependekeza uiache shule kando kwa mwaka wa kwanza. Habari za darasani huirudisha sauti ya darasani, ile inayojua jibu kabla ya swali, na zaidi ya hayo, mambo ambayo wanafunzi wamekuamini nayo katika insha zao si malighafi yako. Andika kuhusu kitu ambacho huna mamlaka nacho: kazi ya jirani, ugonjwa wa mnyama, chombo kilichokataa kutengenezeka.

Majira ya mitihani yatakuja na ratiba yote itavurugika. Usijaribu kuishika kwa nguvu. Punguza mazoezi hadi sentensi moja kwa siku, ya jambo moja uliloliona kwa macho siku hiyo, iandikwe kabla ya karatasi ya kwanza kufunguliwa, na uandike tarehe juu yake. Matokeo yakishatoka, fungua daftari, soma sentensi hizo zote kwa mfululizo bila penseli mkononi, uchague moja ambayo bado inataka kuendelea, na uiwekee dakika zake kumi.